Mizani ya Vingunguti

Walianza na bei ya utumbo,
wakaishia kwenye vichwa vya watu.
Ngonyani wa duka la dawa alisema amesoma mahali:
ubongo wa mwanamume unauzidi wa mwanamke
kwa gramu mia na ushei,
na gramu, mabwana, ni gramu.
Shomvi akadakia: ndiyo maana mke wangu
akianza kuhesabu hafiki.
Mkewe ndiye hulipa deni lake hapa kila mwisho wa mwezi,
na chenji huihesabu mara mbili.

Baba hapendi ubishi wa maneno matupu.
Alipasua fuvu la dume kwa shoka,
kisha la mtamba.
Akauweka mmoja, akautoa, akauweka wa pili.
Mshale ukatetemeka kama mwenye homa.
Dume kashinda!
Muuza supu akapiga meza, bakuli zikaruka.

Mimi nilikuwa nyuma ya kisanduku cha pesa,
kalamu sikioni,
nikiitazama ile mizani.
Naijua.
Watu wa vipimo walipokwisha kupita, kabla ya Ramadhani,
ni mimi niliyeizungusha skrubu yake kwa bisibisi,
nusu mzunguko,
Baba akinimulikia tochi
maana macho yake ya karibu yamechoka.
Tangu usiku ule kila kilo yetu
imepungukiwa gramu hamsini,
na hizo hamsini ndizo ada yangu ya kidato cha tano.
Ningesema. Nikameza mate.

Bi Kidawa, aliyefuata maini tu,
akatua kikapu chake, akauliza:
"Na huyo mwenye mzito,
yeye aliujua mlango wa kutokea?"

Nzi wakaendelea na kazi zao.
Ngonyani akasema hilo si swali la kisayansi.
Shomvi akaanza kucheka, akaona yuko peke yake,
akauliza tena bei ya utumbo.

Jiji hili tumeliita Bongo
na hakuna aliyewahi kuuliza za nani.

Saa nne akaja mama lishe wa pale gereji,
akazitaka zote mbili, ya dume na ya mtamba.
Nikazifunga kwenye gazeti moja,
nikaziweka juu ya mizani.
"Ngapi hiyo?" Baba akauliza.
Nikamtajia
kabla mshale haujatulia.