Daraja la Dakika Kumi na Moja

Iliganda tena saa tisa usiku.
Mistari ya kijani ilishuka kwenye skrini
kama mvua iliyosahau kulowesha,
ikafuata miraba midogo ya waridi, kisha giza,
na feni ikabaki ikihema peke yake
kama mtu aliyekimbia na hakumbuki kwa nini.

"Ni umeme," Ülo alisema kutoka kitandani.
Tukabadilisha waya.
"Ni kumbukumbu basi." Nikaing'oa, nikaipangusa, nikaibana upya.
"Basi ni paka." Na kweli,
chini ya feni palikuwa na manyoya ya misimu mitatu.
Niliyatoa kwa kibano cha nyusi,
nikapaka gundi mpya ya joto, kiasi cha punje ya dengu,
nikakaza skrubu saba. Ya nane sijaiona hadi leo.
Iliwaka. Nilishangilia.
Ikaganda.

Mficha maradhi, kifo kitamuumbua.
Niliacha kubahatisha, nikachukua daftari,
nikaiandika kama muuguzi wa zamu:
Barua kwa benki: salama, saa mbili nzima.
Hesabu ya mbao na misumari: salama.
Redio: salama.
Kugeuza daraja kushoto: imekufa.
Kugeuza daraja kulia: imekufa.
Kulikuza nione maungio: imekufa kabla sijaona.
Niliunganisha skrini ya Ülo, ile kubwa ya kutazamia mpira:
mistari ileile, kijani kilekile.
Kwa hiyo si kioo. Wala si akili,
akili ilikuwa nzima, ikijumlisha gizani.
Kilichooza ni kile kinachoiwezesha kuota.

Heino fundi alivaa miwani mbili juu ya pua moja.
"Kadi ya michoro," alisema, kwa sauti ya chini,
kama daktari anayejua kuta ni nyembamba.
"Imelehemiwa kwenye ubao tangu kiwandani,
haina mlango wa kutokea.
Joto limepasua lehemu. Kuna wanaouoka ubao kwenye oveni,
ati dawa ya moto ni moto.
Hupona wiki moja. Na keki zako zitanuka plastiki mwaka mzima."
Alikataa malipo. Hilo ndilo lililonitisha.

Nilikuwa na siku nne.
Wazee wa kijiji walisubiri mchoro wa daraja,
mbao tupu, mita kumi na tisa, juu ya kinamasi
ambako wanawake huchuma matunda ya porini kila Agosti
na kila Agosti mmoja wao huacha kiatu matopeni.

Usiku ule Tartu ilikuwa nyuzi ishirini na mbili chini ya sifuri.
Sijui nani aliniambia. Labda hasira.
Nilivaa koti la Ülo juu ya koti langu,
nikaitoa mashine barazani, ghorofa ya nne,
nikaiweka juu ya kreti ya viazi
na nikaligeuza daraja.

Likageuka.

Ndani, kwenye joto, iliganda.
Nje, palipoganda kila kitu, ikayeyuka.
Dakika kumi na moja, nilizihesabu,
kidole kimoja nje ya glavu,
hadi mstari wa kwanza wa kijani ulipochungulia pembeni
nami nikahifadhi, nikazima, nikakimbilia jikoni
kukumbatia birika.
Kisha tena. Kisha tena.
Jirani wa chini, Bi Salme, alipiga kengele kuuliza
kama tumegombana.

Usiku wa tatu baridi ilinisaliti,
nyuzi sita tu, theluji ikawa uji,
na mashine ikanipa dakika nne.

Daraja lilijengwa Mei.
Seremala alinipigia simu kutoka palepale, mbu wakisikika:
"Nguzo ya tatu ya kushoto ni fupi kuliko wenzake,
kiasi cha kiganja. Nimeifuata kama ulivyochora.
Ni ya maji kupita?"

Nilitazama mashine rafuni, kifuniko kimefungwa,
skrubu saba.

"Hapana," nilisema. "Ni ya hali ya hewa."