Matundu Meupe

Kazi yangu ni kukata maini.
Usicheke. Wengine hukata kwa ulimi;
mimi nina mashine, wembe na barafu kidogo
katika chumba cha nyuma cha hospitali, Kadutu,
ambako umeme ukikatika nabaki gizani
nimeshika kipande cha mtu.

Mwezi wa pili kililetwa cha Zihalirwa,
mbeba saruji wa bandarini, miaka thelathini na minane.
Kipande chembamba kama uzi wa kushonea gunia.
Nilikiosha kwa spiriti, nikakigandisha ndani ya nta,
nikakata, nikapaka rangi, waridi na zambarau,
nikainamia darubini.
Matundu.
Meupe, ya mviringo, kama matone ya kwanza
yalipolipiga vumbi la Bagira.

Dokta Namegabe alitazama, akakaa kimya, akasema:
"Palikuwa na mafuta hapo. Spiriti yako imeyaosha.
Tunachokiona ni mahali yalipokaa."

Sasa, mama yake Zihalirwa anauza mawese.
Anapima kwa kopo la nyanya, akiongeza tone la juu kwa anayemjua.
Aliningoja mlangoni, kitenge chake
kina madoa mekundu yaliyoishinda sabuni.
"Nimemlisha mafuta haya tangu ana meno mawili.
Sombe bila mawese ni majani ya mbuzi.
Basi niambie. Ni mimi?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na kipande cha pili, kwenye barafu,
kilichovuka daraja la Ruzizi kwenda kusomwa
kule wanakoweza kuiuliza jeni moja moja:
wewe, umelala au uko macho?

Majibu yalirudi baada ya matanga.
Kurasa kumi na nne. Nilizisoma kwa tochi ya simu
kama anayepitia daftari la madeni ya marehemu.
Jeni inayowasha tanuri, mafuta yachomwe yawe nguvu: imezimwa.
Jeni inayoyafungasha mafuta yatoke nje: kimya.
Jeni inayoyapika kutokana na sukari,
ambayo kwa mtu mzima hupika kiasi, akishashiba,
hiyo iko macho usiku kucha,
inapika, inapika,
na hakuna harusi wala mgeni.

Nikaanza kuelewa. Uvimbe ni mjenzi.
Kila chembe ikijigawa inadai ukuta mpya,
na ukuta wa chembe ni mafuta.
Mnazijua nyumba zetu za mtelemkoni:
leo moja, kesho tatu, bila kibali, bila mtaro,
hadi siku ya mvua kilima chenyewe kinashuka
na masufuria, na vitanda, na waliolala.

Nikaenda sokoni kabla ya saa mbili.
Nikamwambia: mama, hayakutoka kwenye kopo lako.
Ini lilikuwa linajipikia lenyewe, kwa siri, kwa sukari.
Aliyeliamuru hatumjui vizuri. Labda karanga zenye ukungu.
Labda kirusi, kile ambacho mtoto
huweza kukipata siku ya kuzaliwa...

Nikauma ulimi. Nimechelewa.
Niliona neno likimfikia, likishuka, likipata mahali pa kukaa.
Nilikuwa nimemtoa kwenye kopo
nikamrudisha kwenye tumbo lake mwenyewe.

Mteja alifika. Akampimia. Akaongeza tone la juu.
Mkono haukutetemeka, ila alisahau kupokea pesa,
na mteja, mtu mwema au mwizi, sijui,
akasimama tu na noti zake.

Kisha akaniuliza, bila kunitazama:
"Na wadogo zake?
Hicho kirusi kinatafutwa wapi?"

Alhamisi aliwaleta. Wanne, kwa urefu wao,
wa mwisho bado na kipande cha muhogo shavuni.
Alikaa wa kwanza yeye, akakunja mkono wa blauzi,
akanionyesha mshipa.
"Anza hapa," akasema.