Asilimia Sitini na Mbili

Chaja ziko mbili pale Tabata; moja inaumwa tangu Pasaka.
Nyingine nimeikamata mimi,
lori limejaa vitunguu vya Mang'ola,
limetulia kama mgonjwa aliyetundikiwa dripu.
Deni la benki nalo linachaji humohumo.

Nyuma yangu Mwantumu wa maziwa
hapigi honi. Anafungua mlango, anaufunga.
Anafungua tena.
Namba kwenye skrini zinapanda kwa uvivu:
hamsini na tisa. Sitini.
Zamani, sheli, ningemwambia: dakika tatu tu, dada.

Vitunguu vina subira. Maziwa hayana.

Nachomoa. Waya una joto la mkono wa mtu.
"Kigamboni utafika?" ananiuliza.
Nitafika.
Kurudi ndiyo sijui.