Sioni

Kule Pongwe, nyuma ya mkonge uliokwisha kukatwa,
tunarusha Jumapili, saa moja na nusu asubuhi,
kabla upepo haujaamka na kunguru hawajapanga zamu.
Serikali ina sheria zake, kurasa na mihuri,
tumezisoma, vibali tunavyo kwenye bahasha ya kaki.
Ya kwetu wenyewe ni neno moja tu.

Mmoja anarusha. Mwenzake anasimama ubavuni,
mikono mitupu, shingo juu,
haruhusiwi kutupia jicho kwenye kioo.
Kazi yake ni kuiona droni yenyewe, kwa macho aliyozaliwa nayo:
inzi, kisha nukta, kisha punje ya ufuta juu ya wingu.
Ikimpotea anasema, "Sioni."
Hapo hakuna subiri kidogo, hakuna mimi naiona huku.
Unageuza. Hata uwe Kiondo,
aliyezichomelea nyaya zote hizi
na miwani yake imefungwa uzi.

Ijumaa ile nilikwenda peke yangu.
Nikapachika betri, nikajisimamia ubavuni mwangu mwenyewe.
Nikajiuliza: unaiona?
Nikajijibu: naiona.
Ilikuwa imeshavuka mikorosho,
imebaki sauti, kisha na sauti ikaisha,
nami nimeinamia kioo
kama mtu anayekula kwa kujificha.

Mabati. Tangi jeusi la maji. Kuku wawili.
Ua wa makuti usio na paa,
na ndani yake mwanamke anajimwagia maji kwa kopo.
Sikutafuta. Lakini wala sikugeuza:
nilihesabu baadaye, sekunde kumi na moja.
Akasikia. Akatazama juu,
akaunyakua ungo uliotundikwa pale uani,
akauinua juu ya kichwa, akatulia chini yake
kama anayekinga mvua.

Macho hayana pazia, husema watu
wakitaka kusamehewa.

Nyumbani nilifuta picha. Nikafuta na palipofutwa.
Hakuna aliyejua. Hata Mwantumu hakujua,
mwenye daftari letu, karani wa duka la dawa Chumbageni.
Jumapili nilimkuta akimenya chungwa la Muheza.
"Niandike," nikasema.
"Kosa?"
"Nilirusha hadi nisipoona."
"Nani alikuona?"
"Hakuna."
"Sasa mshitaki nani?"
Nikanyamaza. Akalamba kidole, akageuza ukurasa,
akaliandika jina langu mara mbili, safu mbili.
Habari ya ungo sikumwambia.
Hiyo mpaka leo haimo daftarini.

Betri zangu zikaingia mkebe wa biskuti, wiki sita,
kufuli dogo, ufunguo kwa Kiondo.
Na kwa wiki sita mimi ni macho ya watu.
Nimesimama ubavuni mwa Semkiwa, kijana wa miaka kumi na tisa,
jua limenikaa kwenye kope, machozi yananitoka bila msiba.
Naiona. Naiona. Bado naiona.
Kunguru akapita. Nikapepesa.
"Sioni."
"Kaka, ipo, hii hapa, inang'aa kabisa..."
"Sioni, Semkiwa."
Akaguna. Akageuza.

Siku hiyo nilirudi kwa miguu, njia ya mikorosho,
kwa makusudi, nakiri.
Nikaupita ule ua. Makuti mapya,
na juu wametandaza turubai la bluu,
pembe zake nne zimefungwa kwa katani,
mafundo makubwa, ya mtu aliyekasirika.
Nilisikia kopo likigonga ndoo.
Kutoka chini hapakuonekana kitu.
Kutoka chini, ua ule siku zote
ulikuwa mrefu wa kutosha.