Kuhesabu Miavuli

Huku Kanazawa "mbili" peke yake haitoshi.
Mwalimu Kitamura anagonga ubao:
karatasi zina hesabu yake,
vitu virefu, vyembamba, vina yake,
na sungura, usiniulize kwa nini, huhesabiwa na ndege.

Nilicheka. Kisha nikakumbuka kwetu
mwavuli umekaa ngeli moja na mti
na moyo na mkate,
wala sikuwahi kudai maelezo.

Jumanne mwenye nyumba, Bi. Hamasaki,
alinirudishia mfuko wangu wa taka mlangoni
pamoja na barua, herufi kubwa, za chekechea:
chupa ni Ijumaa.
Niliona haya. Lakini ndiyo barua ya kwanza
niliyoisoma hadi mwisho bila kamusi.
Nikaibandika juu ya jiko la gesi.

Jana usiku natoka kiwandani, vidole vinanuka siki ya wali,
mvua inanipiga kama inanidai.
Kituoni, Bi. Hamasaki: mwavuli mmoja kichwani,
mwingine kwapani.
"Nihon," akasema.
Nikainama. Naam, nchi nzuri sana.

Alicheka hadi akashika nguzo.
Ndipo ubao uliponirudia: vitu virefu, viwili, nihon.
Jina lilelile la nchi,
ila sauti hushukia mahali pengine.

Tukatembea kando ya mfereji, nikilirudia kimoyomoyo,
kisha kwa sauti. Nihon. Nihon.
"Bado," akasema, akiruka dimbwi.