Upana wa Kichochoro

Shekuwe alinionyesha picha kwenye simu:
mashine moja, ndefu kama kitanda cha harusi,
inachapa, inakata, inakutemea stika tayari.
"Dada Thureya, wabonyeza, waenda kuswali,
ukirudi kazi imekwisha."
Nikamuuliza bei. Akaikohoa:
laki tisa.

Mimi nilitaka mbili.
Ya kuchapa ikae dirishani,
ya kukata chini ya kabati la rangi za baba,
mle brashi zake zilimokaukia
ndani ya mkebe wa maziwa ya unga.

Wino mbichi haukatwi, nikamwambia.
Ukikata mbichi kingo hujikunja
kama tambuu iliyosahauliwa juani.
Mashine yako ikingoja wino ukauke
itangoja na mikono yote miwili.
Zangu, moja ikingoja
nyingine inakata herufi za zahanati.
Na chumvi ya hapa Langoni hula hata funguo mfukoni;
ikiziba njia ya wino,
hadi fundi wa Mombasa apate nafasi,
kisu nacho kitakaa bure, kizima, kimefungwa
kwenye mwili wa mgonjwa.

"Na alama je?" akasema.
"Ukihamisha kazi toka huku kwenda kule,
kisu kikikosea milimita moja,
KARIBU yako itatoka na ukingo mweupe upande mmoja,
kama mtu aliyepaka wanja jicho moja."
Alisema kweli. Mokowe nimekiona kibao,
P imekatwa ikaanguka:
UNDA WASIFUNGWE HAPA.
Na punda watatu wamefungwa hapo hapo.

Akamaliza kwa methali: mshika mbili, moja humponyoka.
Nani mshika mbili, nikamuuliza,
kama si hiyo mashine yako?
Tukacheka. Wiki ile hatukucheka tena.

Jumatatu, baada ya alfajiri, kabla mikokoteni haijatoka,
tulikata fito kwa urefu wa sanduku,
mita mbili na robo tatu,
yeye mbele, mimi nyuma,
tukaipitisha mjini.
Usita wa Mui, sawa.
Penye kisima, sawa, kwa kukwaruza chokaa.
Mwanamke akachungulia dirishani:
"Mwabeba maiti gani, wanangu, asiye na mwili?"

Kwenye kona ya mwisho, baraza la kina Ustadhi Famau limetokeza.
Ncha yake ikagota ukutani,
yangu ikagota barazani.
Tukaiinua. Tukaishusha.
Tungeilaza mshazari ingepita,
lakini muuzaji alishaonya: sanduku lisiinamishwe.

Tukasimama hivyo, kila mtu na ncha yake,
hatuonani, kona imetukata.
Ndipo sauti yake ikaja, upande wa pili wa ukuta:
"Shaabani nikishaoa, nahamia Malindi.
Wakwe wana duka tupu.
Kule barabara ni pana."

Nikasema, najua.
Nilijua tangu alipoanza kuuliza nauli ya mizigo
huku tukibishana juu ya wino.
Na hoja yangu ya kweli, ile ambayo sikuitaja
kwenye karatasi yenye chumvi, fundi na kingo,
ni kwamba moja haigawiki.
Mbili, watu wawili huzigawa
bila kwenda kwa kadhi.

Zimefika mbili, kila moja kwenye mkokoteni wake,
kona ikazipitisha bila kujali.
Ya kwanza tuliyochapa ilikuwa kadi ya harusi yake,
ukingo mweupe upande wa kushoto, mwembamba, yeye hakuuona.
Hatujasema nani atachukua ipi.

Fito bado iko dukani. Naitundikia mabaki ya vinili.
Imezidi ukuta kidogo, ncha imetokeza mlangoni,
na wateja, hata wafupi,
huinamisha kichwa wakiingia.