Dirisha Halikuwemo Kwenye Mchoro

Reino alianza na bili ya umeme, upande wa nyuma.
Penseli aliichonga kwa kisu,
akachora mstatili mmoja, akaukodolea macho
mpaka kahawa ikaota utando.
"Futi kumi na nne kwa ishirini na mbili," akasema,
kama anayetaja uzito wa mtoto mchanga.

Duluth, mwezi wa pili. Ziwa limeganda
hadi macho yanapokoma,
na gereji yetu ina gari, matairi ya kiangazi,
na mume aliyestaafu gati la chuma,
ambaye miaka thelathini na mmoja
amepiga randa uani, kati ya mvua na mvua.

Akakata vipande vya boksi la biskuti:
huu msumeno wa meza, hii mashine ya randa,
hiki kinyonya vumbi, kinene kama mjomba harusini.
Akavisogeza kama kete za dama, ulimi nje.
Msumeno ukae katikati: ubao wa futi nane
unataka futi nane kuingia, nane kutoka.
(Na mke, nikawaza, anatakiwa futi ngapi?)
Soketi kila baada ya hatua mbili. Zege lenye mabomba ya maji moto.
Mlango mpana, ili kabati likizaliwa mle ndani
lisije likafia mle ndani.

Ukuta unaotazama jiko langu
aliujaza jiriwa, thelathini na nne.
"Una mikono miwili tu," nikamwambia.
"Gundi haingoji," akajibu.

Usiku nilishuka na soksi, nikawasha taa ya friji
kwa kuuacha mlango wake wazi.
Nikachukua raba. Nikafuta jiriwa kumi na moja,
na pale, juu ya meza ya kazi,
mkabala na sinki langu, nikachora dirisha.
Mistari yangu ilipinda. Kipimo sikuandika.

Asubuhi alilitazama muda mrefu.
Akapaka siagi mkate wake, akaula wote.
Kisha akaandika pembeni, kwa hati ya fundi:
inchi thelathini na sita kwa arobaini na nane.
Hatukulizungumza tena.

Wahenga walionya: usipoziba ufa utajenga ukuta.
Sisi ukuta tulikuwa nao mzima, tukaubomoa.
Mwezi wa tano ardhi ililegea, wakachimba msingi
futi tano, chini ya pale baridi inapofika,
yeye na Pheng, kijana wa jirani,
aliyelipwa kwa samaki wa kukaushwa na ahadi ya kitanda.
Kenchi zikapanda Jumamosi. Timazi ikaning'inia,
na Reino akashusha pumzi aliyoishika tangu majira ya baridi.

Mkaguzi, Bi Stromgren, alikuja na kurunzi,
akapapasa nyaya moja moja,
akakataa. Kibanio kimoja hakipo, kona ya kushoto.
Reino akatamka maneno ya Kifini
aliyorithi kwa mama yake,
si yale ya kanisani.

Oktoba. Naosha vyombo.
Ng'ambo ya ua taa imewaka, dirisha limemweka
kama picha: ameinua kitu kidogo kwenye mwanga,
anakipuliza, anakitazama, anakipuliza tena.
Theluji ya kwanza inapita katikati yetu.

Akaja na maranda kwenye nyusi.
Akapiga magoti, magoti yakalia,
akaingia chini ya meza ya jikoni,
meza iliyochechemea miaka kumi na tisa,
niliyoilalamikia miaka kumi na minane.
Kabari ya mti wa mepo, kubwa kama kidole gumba.
"Sasa?" akauliza kutoka huko chini.
Nikaweka kikombe, kimejaa pomoni.
Nikaegemea kiwiko. Nikaegemea vyote viwili.

Mchoro ameutundika kwa msumari juu ya swichi.
Juzi niliugeuza, kwa udadisi tu.
Tulilipa, nakumbuka, kwa kuchelewa,
na faini ya dola sita.
Sita, kwa dirisha. Sikumwambia.